Maji Yasiyofika Mbele

Kilichonitisha kwenye kombi ya mjomba hakikuwa mvuke. Mvuke wa magari nimeuona tangu utotoni. Kilichonitisha ni ubaridi.

Tulikuwa tumesimama kando ya barabara, katikati ya kilima cha kupandia Mazeras, malori yakitupita kwa kishindo hata kombi ikiyumba. Nyuma, kwenye injini, maji yalikuwa yakichemka na kifuniko cha tangi kinatetemeka kama cha sufuria ya maharagwe. Nikazunguka mbele, nikapitisha vidole kwenye wavu wa pua ya gari, nikaigusa rejeta inayopoza maji ya injini. Ilikuwa baridi, baridi ya ukuta wa nyumba iliyohamwa. Gari ni moja na maji ni yale yale. Nyuma linaungua, mbele limekufa.

Na ndani, kitandani, hawe alikuwa akisema kwa sauti ya mtu asiyeshangaa: "Kuna mtu anakunywa maji hapa chini yangu."

Hawe ndivyo tunavyomwita bibi sisi wa vilima vya upande wa Kaloleni. Alikuwa akiishi nasi Mjambere, huku Kisauni, tangu alipoanguka shambani akavunjika nyonga. Daktari alisema mfupa umeunga kadiri umri ulivyouruhusu: kulala ataweza, kusimama kwa kushikwa ataweza, lakini kukaa kitako safari nzima hataweza. Hawe hakuuliza zaidi. Alikuwa na haja moja tu, nayo ni kurudi kwake akampe mumewe maji.

Babu alikufa kabla mimi sijazaliwa. Kando ya nyumba yao iko koma yake, kigogo kifupi cha mti kilichochongwa na kusimikwa ardhini, kimo cha goti, kimefungwa kitambaa kiunoni. Tangu nipate akili nilimwona hawe kila asubuhi akikimwagia kikombe cha maji kabla yeye mwenyewe hajatia kitu kinywani. Hakuwa na maneno mengi. Alimwaga, akasema, "Haya, baba," akaenda kuwasha moto. Alipoletwa mjini nyumba ikafungwa, na wa kumwaga hakubaki. Ndipo babu akaanza kumjia usingizini. Hasemi kitu. Anasimama mlangoni, midomo imepasuka, mkononi kikombe kitupu.

Mjomba, mwanawe, ni mzee wa kanisa, na mambo ya koma hayapendi.

"Mama, maiti hanywi maji," alimwambia.

"Wewe umekufa mara ngapi?" hawe akamuuliza.

Lakini hawe hakuishia kwenye maneno. Alianza kwa kuacha nusu ya kikombe. Kisha akawa ananywa funda moja, la kumezea dawa. Tulimbembeleza, tukamletea dafu, tukamwekea ndimu kwenye maji. Alikuwa akituangalia kwa huruma, kana kwamba sisi ndio wagonjwa. "Nitakunywaje na mwenzangu ana kiu?" Joto la Kisauni mnalijua. Ngozi ya mkono wake ukiibana ilibaki imesimama. Midomo yake ikaanza kupasuka, na kila nilipoitazama niliona ile midomo nyingine aliyotusimulia. Mjomba hakubadili imani yake. Alibadili mpango: akasema ataosha kombi ampeleke.

Kombi yenyewe si ya watu wa kwetu. Ni kuukuu, ya aina ile yenye kitanda ndani, sinki dogo, na mapazia ya maua yaliyofifia. Mjomba alikuwa mlinzi kwa miaka mingi kwenye nyumba ya Mzungu mmoja mzee kule Nyali, mtu wa kulala ufukweni ndani ya gari huku nyumba yake ikibaki tupu. Siku moja Mzungu akaenda kwao kutibiwa, akamwachia mjomba ufunguo, akisema atarudi. Hakurudi, wala hatujui kama yu hai. Godoro lake bado lina bonde, bonde la mwili mrefu uliolalia ubavu. Tulipomlaza hawe alitoshea humo kama mtoto ndani ya kanga. Akapapasa kingo za lile bonde. "Aliyelala hapa," akasema, "alilalia upande wa moyo."

Kombi hiyo ilikwenda soko la Kongowea na kurudi bila taabu. Kwenye kilima ndipo ilipokataa. Kuanzia mwinuko wa Changamwe mshale wa joto ulishaanza kupanda, ukashuka Miritini, na tulipoukabili mlima wenyewe ukaenda hadi kwenye rangi nyekundu na kulala pale. Siku hiyo ya kwanza tuligeuza. Injini ilipopoa, mjomba aliiacha kombi iteremke karibu yenyewe, na nyuma yangu nikawa nasikia kile alichokisikia hawe. Chini ya sakafu, chini ya kitanda hasa, kitu kilikuwa kikigugumia. Gu, gu, gu. Kimya. Gu, gu. Ni sauti ya koo la mtu mwenye kiu anayekunywa kwa pupa, akisita kuvuta pumzi, akiendelea.

"Ni maji tu, hawe," nikasema.

"Najua ni maji," akajibu. "Nauliza anayeyanywa."

Fundi wa mjomba yuko huko huko Mjambere, nyuma ya ua wa mabati, mtu wa Mombasa wa asili, mnene, mwingi wa maneno. Kwenye ua wake kuna waya mrefu uliofungwa kutoka nguzo hadi ukuta, na kwenye waya zimetungwa themostati, zile pete za shaba zenye springi zinazokaa kwenye njia ya maji ya injini. Kila gari linaloingia kwake huondoka bila themostati. "Hizi ni za nchi za barafu," husema. "Pwani hii jua lenyewe lapasha injini moto. Ya nini kuweka mlango pasipo na ukuta?" Na magari mengi huenda zake salama. Pete zinabaki pale juu, zinayumba na upepo, zinagongana kwa sauti ndogo ya vijiko. Siku tuliyoingia hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani, na bado zilikuwa zikilia.

"Shikamoo, bibi," fundi akachungulia kwenye mlango wa kombi.

"Marahaba, baba. Wewe ndiwe daktari wa jeneza hili?"

Fundi akacheka sana, kisha akaacha ghafla, akamtazama mjomba. "Astaghfirullah. Mama yako asema maneno mazito asubuhi hii."

Alianza na mepesi. Akakagua kifuniko, kizima. Feni, inazunguka. Mkanda wa pampu ya maji, umekaza. Akachomoa kijiti cha oili akakiangalia kwenye jua. Oili ilikuwa nyeusi na safi, haikugeuka rangi ya chai ya maziwa, dalili kwamba maji hayajaingia humo. Kisha akawasha injini, akafungua tangi la maji nyuma, akainama. Mapovu yalikuwa yakipanda, makubwa, moja moja, kama yanayotoka kwa kitu kilichozama.

Akafyatua ulimi. "Gasketi ya hedi, kile kizibo cha juu ya injini, imeungua. Moshi waingia majini. Hapa lazima nifungue injini yote."

"Muda gani?" mjomba akauliza.

"Kufungua si kazi. Kazi ni kupata gasketi ya gari kama hili. Mwezi, inshallah. Labda miwili. Utaagizia ng'ambo, yakhe, hili si la kuokota dukani."

Mjomba aliangalia viatu vyake. Mimi nilimwangalia hawe kupitia pazia. Alikuwa amelala ndani ya lile bonde, macho juu, ulimi ukipita polepole kwenye mdomo mkavu. Hakuwa na mwezi wa kungoja.

"Fundi," nikasema, "mbele kulikuwa baridi. Pale mlimani. Nyuma kunachemka na rejeta ni baridi."

"Rejeta baridi ni rejeta nzima, mwanangu. Ingekuwa moto ungelalamika pia."

"Nipeni fimbo yangu," hawe akasema kutoka ndani. "Mtazunguka mkisemezana hivyo mpaka jua litue. Washeni, mimi nisikilize. Akinywa, nitagonga. Mjue anakunywea wapi."

"Nani anayekunywa?" fundi akauliza.

Mjomba akafumba macho. "Usimuulize."

Fundi alipandisha mabega. "Haya, bibi asikilize. Masikio yake yamekuwapo zamani kuliko hili gari." Akatandika gunia, akajiingiza chini ya kombi, kwa sababu kwenye gari la namna hii injini iko nyuma na rejeta iko mbele, na baina yao mabomba mawili marefu yanapita chini ya sakafu, moja la kupeleka maji, moja la kuyarudisha. Mimi nikasimama puani, kiganja kwenye rejeta. Mjomba akakanyaga mafuta, injini ikanguruma kama iko mlimani.

Ikachukua muda. Kisha hawe akagonga sakafu. Ko. Akangoja. Ko, ko.

"Hapa," akasema. "Kwenye miguu yangu. Anakunywa huku nyuma. Kichwani hakuna kitu."

Miguu yake ilikuwa upande wa injini. Kichwa chake kilikuwa upande wangu, na rejeta chini ya kiganja changu ilikuwa baridi vile vile.

Ko. Ko, ko, ko.

"Nimesikia, bibi," fundi akaita kutoka chini. "Wacha kugonga sasa, nashika mabomba."

Ko, ko. Ko.

"Bibi, wacha, tafadhali."

Nikachungulia ndani. Fimbo ilikuwa imelala juu ya kifua cha hawe. Mikono yake yote miwili ilikuwa imekunjwa juu ya fimbo. Alikuwa akinitazama, na sakafu ilikuwa ikigongwa.

"Fundi," nikasema, "hagongi yeye."

Sijawahi kumwona mtu mnene akitoka chini ya gari kwa kasi ile. Alisimama, gunia limemganda mgongoni, akamwashiria mjomba azime. Injini ikanyamaza. Kugonga kukaendelea kidogo, kukilegea, kama mtu anayekata tamaa mlangoni. Kisha kimya. Juu yetu pete za shaba zikalia.

"Ni mvuke," fundi akasema. Aliisema mara mbili. "Mvuke wapiga bomba ukikosa pa kwenda." Akajifuta mikono muda mrefu kuliko mafuta yaliyokuwamo. "Lakini bomba lafaa kuwa moto mpaka mbele. Hili ni moto hatua moja, kisha baridi. Maji hayafiki."

"Nilikwambieni," hawe akasema. "Hayafiki mbele."

Fundi alikuwa ametazama juu. Nikafuata macho yake hadi kwenye waya, na nikaona uso wake ukibadilika, kwanza kama mtu anayehesabu, halafu kama mtu aliyesahau mtoto sokoni. Mwaka uliopita mjomba alimletea kombi hiyo breki zikazwe. Fundi alikaza breki. Na kwa mkono uliozoea, akafanya alivyofanya kwa kila gari.

"Hili nalo nilitoa yake," akasema taratibu.

Akatupa maelezo akiwa bado anaangalia juu. Maji ya injini yana njia mbili: ndefu, ya kwenda kupozwa mbele, na fupi, ya kuzunguka humo humo injinini. Kwenye magari mengi njia fupi ni nyembamba, ukitoa themostati haidhuru. Hili lina themostati ya vifuniko viwili. Ikipata moto, kifuniko kimoja hufungua njia ndefu na cha pili huziba njia fupi. Ukiitoa, njia fupi hubaki wazi maisha. Maji yatafuata safari ndefu ya nini? Yatazunguka pale pale, yakichemka, na upepo ukijaa kwenye bomba refu mpaka hakuna tone linalopita. Na mapovu ndiyo hayo, wala si gasketi.

"Kwa hiyo yamekuwa yakijizunguka," mjomba akasema.

"Yakijizunguka. Na mwenye kuyangoja yuko mbele, kinywa wazi."

Aliposema hivyo alimtupia hawe jicho, kama aliyejutia maneno yake.

Akapanda kwenye mkebe wa rangi, akapita na waya wote akigeuza pete moja moja. Yetu ilikuwa kubwa kuliko nyingine, ina kichwa na mkia. Aliifungua, akaipuliza vumbi, lakini hakuifunga injinini upesi. "Imelala mwaka mzima. Nitajuaje kama i hai?" Alikuwa na jiko lake la kahawa pembeni. Akateleka sufuria ya maji, akaitumbukiza ile pete, tukainama juu yake vichwa vitatu. Ilikaa chini kimya. Maji yakaanza kusema. Na polepole, bila kuguswa na mtu, kile kifuniko cha shaba kikafumbuka, kama jicho la mtu anayeamshwa hataki. Fundi akaiopoa kwa koleo. Ilipopoa, ikafumba.

"I hai," akanong'ona, na sisi tukanong'ona pia, sijui kwa nini.

Ilipofungwa mahali pake mjomba akaleta dumu la maji ya kisimani. Hawe akainua kichwa. "Ya chumvi hayo?"

"Ya kisima, mama."

"Usimnyweshe mtu chumvi."

"Bibi asema kweli," fundi akadakia haraka. "Chumvi yala mabomba. Leta matamu." Basi yale maji matamu tuliyonunua ya kunywa, ya hawe mwenyewe asiyeyanywa, ndiyo yaliyoingia injinini.

Ikabaki kutoa upepo. Upepo hukimbilia juu, kwa hiyo tuliinua pua ya kombi kwa jeki na kuilaza juu ya matofali, hawe akiwa ndani, miguu chini kichwa juu, akisema hajawahi kuzikwa kwa kusimama. Fundi akalegeza skrubu moja ndogo juu ya rejeta, akawasha. Pumzi ikatoka. Nilidhani itakuwa fupi, kama ya tairi. Ilitoka, ikaendelea kutoka, ndefu, yenye unyevu, yenye harufu ya kutu na ya mahali palipofungwa miaka. Hakuna kati yetu aliyevuta yake mpaka ile ilipokwisha. Kisha tone. Tone lingine. Maji yakatiririka, fundi akakaza skrubu, na chini ya kiganja changu rejeta ikaanza kupata joto, kidogo kidogo, kuanzia pembeni, kama paji la uso la mtu anayerejewa na fahamu.

"Amenyamaza," hawe akasema.

Tulikwenda siku iliyofuata, asubuhi. Mjomba alikuwa amepakia dumu la maji matamu la akiba, kwa ajili ya injini, akanikabidhi nilishike lisimwagike. Mwinuko wa Changamwe ukapita. Miritini ikapita. Mlimani malori yalikuwa yakipanda kwa msururu, yanalia, na sisi nyuma yao mwendo wa maziko. Niliutazama mshale hadi macho yakaniuma. Ulisimama katikati, haukutikisika. Chini ya sakafu hapakuwa na gugumio wala kugongwa. Nilikuwa nimeiogopa ile sauti siku zote, na sasa kimya chake ndicho kilichonifanya nigeuke kumwangalia hawe kila kona. Alikuwa amefumba macho. Kifua sikukiona kikipanda.

"Hawe," nikamwita.

"Abee." Hakufumbua. "Endesheni. Msiniite ite kama nimepotea."

Nyumba ilikuwa imeota majani hadi mlangoni. Koma ya babu ilikuwa imeinama, kitambaa kimeoza, na ardhi kuizunguka ilikuwa imepasuka kwa ukame, nyufa pana za kuingiza kidole. Tulimshusha hawe na godoro lake, mimi upande mmoja mjomba mwingine, tukamkalisha kwa kumwegemeza kwangu. Akanyoosha mkono kuelekea dumu.

"Mama, hayo ni ya gari," mjomba akasema. "Kisima cha hapa kimekauka. Tukichemsha njiani hatuna mengine."

"Gari limeshakunywa."

Mjomba alisimama na dumu mkononi. Nilifikiri atatoa mahubiri. Alikuwa akiangalia midomo ya mama yake, na baadaye nyufa za ardhi, na baadaye midomo tena. Halafu akapiga magoti na suruali yake ya safari, akainamisha dumu mwenyewe, kwa sababu mikono ya hawe haikuweza kulibeba.

Maji yaliingia kwenye nyufa. Nami niliisikia, wazi kabisa, chini ya magoti yetu, ile sauti. Gu, gu, gu. Kimya cha kuvuta pumzi. Gu, gu. Mjomba aliisikia pia. Maji yakamwagikia goti, lakini hakuliinua dumu. Aliendelea kumwaga hadi sauti ikapungua, ikawa ya mdomo unaoramba kikombe, ikaisha, na maji yakabaki juu ya ardhi, yamejaa, hayazami tena.

"Haya, baba," hawe akasema.

Kisha akafungua kiganja akakinga yaliyosalia kwenye dumu. Akanywa. Akakinga tena, akanywa, na kidevu chake kikalowa, na mjomba akamfuta kwa ncha ya shati lake.

Hatukurudi naye. Alikataa, na binamu zetu wa boma la jirani walikuwa wameshaanza kufyeka majani mlangoni. Tuliteremka na dumu tupu likigongana na sinki, godoro likiwa tumemwachia. Mshale haukupanda. Karibu na Miritini mjomba alisimamisha gari bila sababu, akashuka, akaenda mbele. Nilimwona kupitia kioo cha mbele akipitisha vidole kwenye wavu, akauweka mkono pale, akaushikilia.

"Ni moto?" nikauliza aliporudi.

"Ni moto," akasema, akawasha gari.